Choo Kinataka Mtu Mlangoni

Mwezi wa Aprili 1969 mwanamke mmoja alisimama kwenye ngazi za bunge la jimbo la California, mjini Sacramento, mkononi ameshika nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Mbele yake kulikuwa na choo cha kukalia, cha kauri, kilichozungushiwa minyororo. Wapiga picha walikuwa wamekwisha kujipanga. Akainua nyundo, akaishusha kwa nguvu, na vigae vikatawanyika ngazini.

Jina lake March Fong Eu. Alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya Kichina, nyuma ya duka la udobi la wazazi wake, na sasa alikuwa mbunge wa jimbo. Ugomvi wake ulikuwa na kitasa. Siku zile, Mmarekani akibanwa na haja stesheni, uwanja wa ndege au katika duka kubwa, alikuta mlango wa choo una kitasa chenye kitundu cha kutumbukizia sarafu. Bila senti kumi mlango haufunguki. Mwanamume mwenye haja ndogo alipita bure, maana sehemu za kukojolea zilikuwa wazi ukutani. Mwanamke alilipa kila alipokwenda, na mwenye watoto alilipa mara nyingi zaidi.

Mama huyo alishinda. Mwaka 1974 California ilipitisha sheria ya kuondoa vyoo vya kulipia katika majengo ya umma, na mwaka huohuo wapiga kura wakamchagua kuwa Katibu wa Jimbo, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo California. Hata hivyo, baada ya nusu karne, ukitembea katika miji ya pwani ile ya magharibi, Seattle, Portland, San Francisco, Los Angeles, San Diego, utatafuta choo cha umma mpaka miguu iume. Anayeumia kuliko wote ni mtu ambaye hakutajwa sana siku ile ya nyundo: asiye na nyumba ya kurudi. Ilikuwaje ushindi mzuri namna ile ukaacha pengo kubwa hivi? Ili kuelewa, lazima turudi nyuma kidogo.

Peni moja ya London

Mwaka 1851 Waingereza waliandaa Maonyesho Makuu jijini London, ndani ya jumba la vioo lililojengwa Hyde Park. Fundi bomba mmoja, George Jennings, aliweka humo vyoo vya kuvuta maji, kitu ambacho wengi wa wageni hawakuwa wamekiona maishani mwao. Bei ilikuwa peni moja. Maonyesho yalipofungwa, watu 827,280 walikuwa wamelipa.

Peni hiyo ilinunua zaidi ya mlango. Mteja alikuta kiti kisafi, akapewa taulo na kitana, akang'arishiwa na viatu. Kwa maneno mengine, alimkuta mtu: mhudumu aliyefuta kiti baada ya kila anayetoka na aliyejua nani yuko ndani. Tumkumbuke mhudumu huyo, kwa sababu historia yote inayofuata ni historia ya kumpoteza na kumtafuta tena.

Marekani ilipoingia karne ya 20, mwanamume aliyekuwa mbali na kwao alikwenda haja baa. Aliingia, akanunua kinywaji, akapita nyuma. Wapinga pombe waliona kwamba huwezi kumwambia mfanyakazi aache baa kama baa ndiyo msala wake wa pekee mjini. Vyama vya wanawake navyo vililia kwamba mama anayekwenda sokoni hana pa kujisitiri hata kidogo. Kilio hicho kilizaa maliwato za umma zilizojengwa kwa fahari, nyingi zikiwa chini ya ardhi, katikati ya miji.

Ile ya Seattle ilifunguliwa mwaka 1909 katika uwanja wa Pioneer Square. Juu ya ardhi palisimama paa la chuma na vioo, watu wakisubiri tramu chini yake. Ngazi zikashuka hadi vyumba vya marumaru na shaba. Mahali penyewe pana kisa chake. Hapo ndipo ilipoanzia barabara ya mteremko iliyotumika zamani kuburuzia magogo kutoka mlimani hadi kiwanda cha mbao cha Henry Yesler. Waliiita Skid Road, barabara ya kuburuzia. Vibarua wa magogo walipokosa kazi walibaki kuzurura pale, na jina hilo, baadaye likigeuka Skid Row, likawa jina la mtaa wa mafukara katika miji mingi ya Marekani. Kwa hiyo choo kizuri kuliko vyote vya Seattle kilijengwa kwenye mlango wa mtaa wa watu fukara, na kilikuwa chao kama kilivyokuwa cha tajiri anayengoja tramu.

Maliwato hizo zilihitaji wafagiaji, mafundi na walinzi, kila siku, mwaka hata mwaka. Mabaraza ya miji yalipoishiwa fedha, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa mshahara wa mtu huyo. Ngazi zikafungwa moja baada ya nyingine. Ile ya Seattle ilizibwa. Paa la chuma bado limesimama, na watalii hulipiga picha bila kujua kilichopo chini ya nyayo zao. Nafasi ya mhudumu ikachukuliwa na kitasa cha senti kumi.

Kitasa kikaondoka, na mlango nao

Baada ya nyundo ya Sacramento walitokea vijana wa Ohio, ndugu wawili wa ukoo wa Gessel na marafiki zao, wakaunda mwaka 1970 kamati ya kutokomeza vyoo vya kulipia nchini Marekani. Wakati huo vilikadiriwa kufika 50,000. Chicago ilivipiga marufuku mwaka 1973, majimbo yakafuata, na mwaka 1976 vijana wakaivunja kamati yao wakiamini kazi imekwisha. Kufikia mwaka 1980 kitasa cha sarafu kilikuwa karibu kimetoweka nchi nzima.

Hoja yao ilikuwa ya haki, nami naiunga mkono mpaka leo. Haja haina miadi, wala haiulizi mfukoni kuna nini. Lakini sheria zilizofuta malipo hazikumwamuru mtu yeyote ajenge choo cha bure, wala hazikutenga fedha za kumlipa wa kukisafisha. Mwenye jengo aliyekuwa akipata senti kumi alibaki na gharama tupu. Wengi walichukua njia nyepesi: wakafunga. Mlangoni kikatundikwa kibao kinachosema choo ni cha wateja tu. Malipo yakarudi kwa sura nyingine. Zamani ulilipa senti kumi. Sasa ulitakiwa kununua kikombe cha kahawa.

Na milango ilipokuwa ikifungwa, watu wa kuihitaji walikuwa wakiongezeka. Katika miaka ya 1970 miji ilibomoa hoteli za vyumba vya bei ya chini, vilivyopangishwa kwa siku au wiki kwa vibarua, wazee na wagonjwa. Hospitali za maradhi ya akili zilikuwa zimewatoa wagonjwa wao bila kuwaandalia pa kwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ajira zikaanguka na serikali kuu ikapunguza sana fedha za nyumba za watu wa kipato cha chini. Barabarani wakaonekana maelfu ya watu wanaolala juu ya maboksi.

Hebu fikiria siku moja ya mtu kama huyo. Alfajiri amebanwa, na maktaba haijafunguliwa. Mkahawa una watu, lakini nguo zake zimemtangulia kumtambulisha kabla hajafika mlangoni. Akijificha nyuma ya pipa la taka, sheria ya jiji inasema ni kosa. Mwanamke aliye katika siku zake ana hesabu nyingine ya kupiga. Wengi hujifunza kutokunywa maji jioni, hata kiu iwashike, ili usiku usiwaletee aibu. Kisha mpita njia akiona uchafu ukutani husema watu hawa hawana ustaarabu. Ustaarabu gani anaotakiwa kuuonyesha mtu aliyenyimwa mlango?

Miji inanunua mashine

Jibu la kwanza la miji lilikuwa teknolojia. Paris ilikuwa imeanza mwaka 1981 kuweka barabarani vyoo vya kampuni ya JCDecaux vinavyojisafisha vyenyewe: mtu akitoka, mlango hujifunga, maji na dawa husafisha kiti na sakafu, kisha taa huwaka kumkaribisha mwingine. San Francisco ilivileta mwaka 1995, vibanda vya kijani vyenye umbo la mnara, vikigharimiwa na matangazo ya biashara.

Seattle ilifuata mwaka 2004. Ilisimamisha vitano, kimojawapo katika mtaa uleule wa Pioneer Square, kwa gharama ya karibu dola milioni 5 kutoka mfuko wa jiji. Kilichotokea kilikuwa cha kusikitisha. Vibanda viligeuka maficho ya wauza mihadarati na ya biashara ya ngono. Takataka zilizoachwa sakafuni zilikwamisha mitambo ya kujisafisha, mpaka ikabidi watu waende kuisafisha mashine iliyonunuliwa kusudi watu wasihitajike. Mwaka 2008 jiji lilivifunga na kuviuza kwa mnada wa intaneti, vyote vitano, kwa jumla ya dola 12,549.

Wengi walitoa fundisho la haraka: ukiwapa choo wasio na makazi, watakiharibu. Fundisho hilo liliingia vichwani mwa madiwani wengi na likakaa humo miaka. Mimi nalisoma tofauti. Chumba kinachofungwa kwa ndani, kuta nzima, katikati ya mtaa wenye shida zote za dunia, usiku kucha, bila mtu hata mmoja wa kubisha hodi, kingeharibika hata kingewekwa katika mtaa wa mabwanyenye.

Portland, jiji jirani kwa upande wa kusini, ilitazama hasara ya Seattle na kufikiri. Mmoja wa makamishna wake, Randy Leonard, alisimamia kubuniwa kwa choo cha aina yake, na cha kwanza kikawekwa mwaka 2008 katika mtaa wa Old Town. Wanakiita Portland Loo. Kitazame kwa karibu. Ni kibanda cha chuma kisichoshika kutu. Chini na juu kuta zake ni luva, kama zile za madirisha ya nyumba zetu, zilizoinamishwa hivi kwamba aliye nje huona miguu ya aliye ndani na hujua wako wangapi, lakini haoni zaidi. Sauti hupita, hewa hupita. Ndani hakuna sinki wala kioo: bomba la kunawia liko nje, mbele ya macho ya barabara, ili mtu asijifungie kuoga wala kufua. Taa ni ya buluu, inayomfanya anayejidunga sindano ashindwe kuuona mshipa wake. Usafi hauhitaji mtambo. Mfanyakazi huja na mpira wa maji na brashi.

Kilidumu, na miji mingine ikakinunua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi choo kilibuniwa na watu waliokubali kwamba barabara ina macho, na kwamba macho hayo yanaweza kufanya sehemu ya kazi ya mhudumu wa zamani. Sehemu tu. San Diego ingekuja kuonyesha kilichobaki.

Ugonjwa wa San Diego

Jiji hili lilikuwa limeonywa. Zaidi ya mara moja tangu mwaka 2000, baraza la raia linalokagua shughuli za serikali ya kaunti lilikuwa limeandika kwamba katikati ya mji hakuna vyoo vya kutosha kwa wanaolala nje. Mwaka 2015 vilikuwepo viwili vya muundo wa Portland. Malalamiko yalipozidi, pamoja na gharama, kimoja kiling'olewa mwaka uliofuata.

Mwishoni mwa 2016 ulianza mlipuko wa homa ya ini aina ya A. Virusi vyake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia kinywani mwa mwingine kupitia mikono, chakula au chombo. Kinga zake ni za kawaida kabisa: chanjo, choo, maji na sabuni. Wengi wa waliougua walikuwa watu wasio na makazi au watumiaji wa mihadarati. Tarehe 1 Septemba 2017 kaunti ilitangaza hali ya dharura. Ndipo yakaja ndani ya wiki chache mambo yaliyosemwa kwa miaka mingi kwamba hayawezekani: vyoo vilivyo wazi saa 24, vituo vya kunawa mikono kwenye njia panda, wauguzi wakitembea kwa miguu kati ya mahema na visanduku vya chanjo, magari yakiosha barabara kwa dawa ya klorini. Mlipuko ulipokwisha, waliougua walikuwa 592, na 20 kati yao wamekufa.

Wahenga walisema ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. San Diego ilinena kwa miaka zaidi ya kumi na tano, na vitendo vilikuja nyuma ya majeneza. Ugonjwa huo uliendelea kusambaa katika majimbo mengi ya Marekani, ukiwafuata zaidi watu wa aina ileile: wanaolala nje na wanaotumia mihadarati.

Mwaka huohuo wa 2017, huko Los Angeles, wakazi wa Skid Row waliamua kuhesabu wenyewe. Walizunguka mtaa wao wakikagua kila choo. Walikuta kwamba usiku vyoo vya umma vilikuwa 9, kwa watu 1,777 wanaolala nje. Wakapima kwa kipimo kinachotumika katika kambi za wakimbizi, choo kimoja kwa watu 20, wakaona vimepungua 80. Jiji tajiri lenye nyota wa sinema lilishindwa kufikia kiwango cha kambi ya wakimbizi. Kabla mwaka haujaisha kilifunguliwa pale kituo chenye vyoo, mabafu na mashine za kufulia.

Mhudumu arudi

Lakini jibu lililonigusa kuliko yote lilikuwa limekwisha kuanza miaka mitatu nyuma, San Francisco, katika mtaa wa Tenderloin. Huo ni mtaa wa vyumba vya bei nafuu, wa wahamiaji, wazee na watoto wengi, na pia wa mahema. Wanafunzi wa shule ya mtaani hapo walilalamika kwamba njia nzima ya kwenda darasani wanaruka vinyesi. Julai 2014 idara ya kazi za umma ya jiji ikaanzisha mpango iliouita Pit Stop, kwa vituo vitatu tu.

Mitambo yake haina ajabu. Ni vyoo vya kubebeka vinavyokokotwa na gari hadi pembeni mwa barabara, vyenye bomba la kunawia, pipa la sindano zilizotumika na mifuko ya kuzolea uchafu wa mbwa. Muda wa kazi ukiisha gari huvichukua kwenda kusafishwa. Jambo jipya ni kiti kilichowekwa nje, na mtu aliyekikalia. Mhudumu huyo anasalimia anayekuja. Anayetoka akishaondoka, yeye huingia, hutazama sakafu, hupangusa kiti, hubadilisha karatasi, ndipo humruhusu anayefuata. Mtu akikawia ndani, hubisha hodi, asipojibu, hufungua. Wamo wahudumu waliowahi kumkuta mtu amezidiwa na mihadarati wakamrudishia uhai kwa dawa ya naloksoni.

Wengi wa walioajiriwa ni watu waliotoka gerezani, baadhi baada ya vifungo virefu, ambao waajiri wengine hawakutaka hata kusoma barua zao. Fedha za jiji zikawalipa mshahara kwa kazi ya heshima: kulinda faragha ya wenzao. Vibanda vya kijani vya mwaka 1995, vilivyokuwa na sifa mbaya, navyo vikaanza kuwekewa wahudumu, na mashine ileile iliyokuwa imeshindwa ikaanza kufaa. Malalamiko ya vinyesi katika maeneo ya vituo yakapungua. Kufikia 2019 vituo vilikuwa vimefika kama 25, na katika vitatu jiji likajaribu kuacha mlango wazi usiku kucha. Mwaka uliofuata Uviko ukafunga mikahawa na maktaba zote ndani ya siku chache, na jiji zima likaonja alichokuwa akionja kila siku mtu wa barabarani. Vituo zaidi vikaongezwa haraka.

Gharama yake ni kubwa, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mishahara. Kila mwaka wa bajeti hutokea wa kuuliza kama haiwezekani kupata choo bila mtu. Seattle ilikwisha kulijibu swali hilo kwa dola milioni 5.

Ninapoisoma historia hii ya mbali huwa naviona vyoo vya stendi zetu. Kuna meza ndogo mlangoni, bakuli la sarafu, karatasi zimekatwa vipande na kupangwa, ndoo na fagio la kukwangulia viko tayari, na mama au kijana ameketi anamjua kila anayeingia. Afrika Mashariki hatukumpoteza mhudumu. Marekani ilimpoteza, ikatumia miaka na mamilioni kumtafuta. Lakini nasi tumebaki na sarafu ambayo March Fong Eu aliiinulia nyundo. Pembeni ya meza ile mara nyingi husimama mtoto wa mtaani au mzee anayelala kwenye veranda ya maduka. Hana kitu mfukoni, na anajua ataambiwa nini. Hugeuka, akaelekea nyuma ya ukuta. Mhudumu humwona akienda. Naye hana la kufanya, kwa sababu jioni lazima bakuli lihesabike, na ujira wake unatoka humo.

Halmashauri ikimlipa mhudumu yule mshahara, bakuli linaweza kuondolewa mezani. Kiti kibaki, ndoo ibaki, na yeye mwenyewe abaki hapohapo mlangoni, amwite mtoto yule arudi.